Modeli ya Jukwaa la Opera na Baleti: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Mombasa

Wasomaji hunitumia picha za modeli zao za jukwaa na kuniuliza kwa nini hawapati kazi. Wapo wa Kisauni, wa Likoni, wa Mikindani. Wengi wana mkono mzuri: wanachora, wanapaka rangi kwa utulivu, na baadhi yao wamepamba majukwaa ya harusi kwa miaka. Lakini modeli zao hukwama mahali pamoja. Hazina kipimo. Mlango ni mfupi kuliko mtu, ngazi haipandiki, na nyuma ya ukuta uliopakwa vizuri hakuna hata nafasi ya mwimbaji kusimama akingoja zamu yake.

Mwelekezi wa opera hatafuti picha ya kupendeza. Anatafuta mtu wa kumthibitishia, kabla ubao wa kwanza haujakatwa, kwamba vitu vyote vitaenea, vitasimama imara na vitaonekana na yule aliyekaa kiti cha mwisho. Uthibitisho huo hutolewa kwa kasha la modeli la kipimo cha 1:25, yaani kila mita moja ya ukumbini ni sentimita 4 mezani pako. Fuata hatua kwa mpangilio. Anayeruka ya kwanza huja kuirudia baada ya kutupa kazi ya wiki nzima.

## Vifaa utakavyohitaji

Usianze kukata chochote kabla hujavikusanya hivi:

- Kadibodi ngumu ya kijivu ya milimita 2, ile inayotumiwa na wanaojalidi vitabu. Ulizia kwa wachapishaji; mara nyingi vipande vya pembeni huwa wanavitupa.
- Karatasi za manila nyeupe.
- Plaiwudi nyembamba ya sakafu na kuta za kasha. Mwombe seremala aikate kwa mashine, kwa sababu msumeno wa mkono hupinda na kasha zima hupinda nao.
- Kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunjwa ncha, pamoja na nyembe za akiba. Wembe butu huchana kadibodi badala ya kuikata.
- Rula ya chuma. Ya plastiki italiwa na kisu siku ya kwanza.
- Gundi nyeupe ya mbao, na gundi ya kukauka papo hapo kwa viungo vidogo.
- Vijiti vya mishikaki, uzi mweusi, waya mwembamba, pini.
- Kipande cha amerikani na kipande cha kitambaa cheusi kisichong'aa. Maduka ya vitambaa ya Biashara Street yatakumalizia yote mawili.
- Rangi ya maji nyeupe, nyeusi na ya udongo, chokaa, mchanga laini uliochekechwa.
- Futi ndefu ya fundi, chaki, daftari la miraba, tochi mbili ndogo na simu yenye kamera.

Onyo moja kuhusu hali ya hewa yetu. Unyevu wa Mombasa, hasa wakati wa masika, huikunja kadibodi hata ikiwa kabatini. Ukipaka rangi upande mmoja tu, ule upande wa pili unabaki mlegevu na ukuta unajikunja kama ganda la muhogo. Paka pande zote mbili siku hiyohiyo, kisha laza kipande chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Gundi nayo ipe usiku mzima, hata kama chupa inasema saa moja.

## Hatua ya 1: Pima ukumbi halisi

Usibuni jukwaa la kufikirika. Chagua ukumbi mmoja unaoweza kuufikia: wa shule, wa kanisa, ama wa Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja. Omba ruhusa kwa msimamizi, mweleze unachofanya, na uende na mwenzako wa kushika ncha ya pili ya futi.

Anza kwa kuchora kwa chaki mstari wa katikati, kutoka ukingo wa mbele wa jukwaa hadi ukuta wa nyuma. Vipimo vyote vya kushoto na kulia utavitoa kwenye mstari huo. Sababu ni kwamba kumbi nyingi hazina pembe mraba. Ukipima kutoka ukutani, unaurithi upindo wa ukuta. Ukipima kutoka mstari wa katikati, upindo wenyewe unajitokeza na unaweza kuuandika.

Andika haya yote: upana na kimo cha mdomo wa jukwaa, yaani ule uwazi ambao hadhira inachungulia, kina kutoka ukingo wa mbele hadi ukuta wa nyuma, kimo cha jukwaa kutoka sakafu ya ukumbi, upana wa nafasi ya kando, kushoto na kulia, ambako wasanii hungojea, na kimo cha kitu kilicho chini zaidi juu ya jukwaa. Hapa Mombasa kitu hicho mara nyingi ni pangaboi. Modeli nyingi nilizoziona zina mti au mnara unaopita katikati ya pangaboi ambalo mbunifu hakuwahi kuinua macho kulitazama.

Pima pia mlango utakaopitishia vitu. Plaiwudi nzima ni mita 2.44 kwa 1.22. Ikiwa haipiti mlangoni wala haikunjiki kwenye kona ya ngazi, basi kuta zako zote zitajengwa kwa vipande, na ni afadhali ujue leo.

Mwisho, kaa kwenye viti. Kaa kile cha mwisho kushoto cha safu ya mbele, cha mwisho kulia, kisha cha nyuma kabisa, na kama kuna ghorofa, kaa huko pia. Pima kila kiti kiko umbali gani kutoka mstari wa katikati na kutoka ukingo wa jukwaa, na jicho lako liko kimo gani. Vipimo hivi vya viti ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote, na ndivyo vitakavyokutenganisha na mpambaji.

Tahadhari: usijumlishe vipande vidogovidogo. Tandaza futi mara moja kutoka sufuri na usome kila alama njiani. Kosa la sentimita moja likirudiwa kwenye vipande kumi limeshakuwa sentimita kumi.

Umefaulu ukiweza kuuchora ukumbi ukiwa nyumbani bila kumpigia msimamizi simu.

## Hatua ya 2: Michoro miwili

Mchoro wa kwanza ni ramani ya sakafu, ukumbi ukitazamwa kutoka juu. Wa pili ni mchoro wa ubavu, kana kwamba umeukata ukumbi katikati na kuutazama kutoka pembeni. Yote miwili iwe kwa kipimo cha 1:25. Mdomo wa mita 8 unakuwa sentimita 32, kina cha mita 7 kinakuwa sentimita 28, na kimo cha mita 4.5 kinakuwa sentimita 18.

Kwenye ramani, weka nukta mahali pa kile kiti cha mwisho kushoto cha safu ya mbele. Vuta mstari kutoka kwenye nukta hiyo, upite ukingo wa kulia wa mdomo wa jukwaa, uendelee hadi ndani. Chochote kilicho upande wa pili wa mstari huo hakionekani na aliyekaa hapo. Kilicho upande wa huku anakiona, hata kama ni msaidizi aliyesimama kando na chupa ya maji. Sasa panga mapazia meusi ya kando, marefu na membamba, moja nyuma ya jingine, mpaka kila mstari wa jicho ugonge kitambaa.

Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Utagundua kwamba mtazamaji huyohuyo wa kushoto haoni kabisa kona ya nyuma ya kushoto. Basi usiweke kitanda cha kufia hapo.

Kwenye mchoro wa ubavu, anza na jicho la safu ya mbele. Linatazama juu, linapita chini ya ukingo wa juu wa mdomo na kuona dari, taa na pangaboi. Mapazia mafupi ya juu yatakata macho hayo. Kisha jicho la nyuma kabisa: je, ukining'iniza kitu juu sana, bado linakiona, au limefichwa na mapazia yaleyale uliyoyaweka?

## Hatua ya 3: Jenga kasha jeusi

Kasha ni ukumbi wenyewe bila mandhari yako. Sakafu, kuta tatu, fremu ya mdomo, na paa linalofunguka. Lipake lote rangi nyeusi isiyong'aa. Kuta za kando zishikwe kwa pini ili ziondoke, kwa sababu utahitaji kuingiza mikono.

Chora mstari wa katikati juu ya sakafu, uache uonekane. Kama kuna nguzo, jenga nguzo. Kama kuna pangaboi, lijenge kwa waya na karatasi na ulining'inize kimo chake hasa. Kuna watu huona aibu kuonyesha ubaya wa ukumbi kwenye modeli. Mwelekezi anaujua ukumbi wake. Akiona umeuficha, hatakuamini na mengine.

## Hatua ya 4: Watu kabla ya kuta

Kata watu kwa manila kabla hujakata ukuta hata mmoja. Mtu wa mita 1.70 ni sentimita 6.8. Kata angalau sita, wawili wakiwa wamekaa. Kiti cha kawaida kina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo kikalio kwenye modeli ni milimita 18. Mlango wa mita 2.1 ni sentimita 8.4. Kidato cha ngazi cha sentimita 17.5 ni milimita 7.

Kwa baleti, ongeza mtu wa namna mbili. Wa kwanza ni mchezaji aliyevaa ile sketi fupi iliyotanda, ambayo upana wake unakaribia mita moja. Mlango wa sentimita 80 unamzuia. Wa pili ni jozi, mwanamume aliyemnyanyua mwenzake juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka. Jozi hiyo hupita mita 3, yaani sentimita 12 na zaidi. Ipitishe chini ya kila tao na kila tawi unalobuni.

## Hatua ya 5: Sikiliza ukiwa na kalamu

Soma maneno ya opera kwanza, kisha sikiliza muziki wote ukiwa na daftari lenye safu tano: dakika, nani anaingia, anatokea upande gani, ameshika nini, na mwanga ukoje. Usichore chochote katika usikilizaji wa kwanza. Mbunifu anayeanza na picha huishia kuulazimisha muziki uifuate picha yake, na muziki haufuati.

Kwa zoezi la kwanza napendekeza kitendo cha tatu, yaani sehemu ya mwisho, cha Tosca ya mtunzi Mwitaliano Puccini, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Rome tarehe 14 Januari 1900. Kitendo cha kwanza kiko ndani ya kanisa la Sant'Andrea della Valle na cha pili ndani ya Palazzo Farnese, navyo vinadai samani na mapambo mengi. Cha tatu kiko juu ya paa la ngome ya Castel Sant'Angelo, kabla ya alfajiri. Mahali ni pamoja, vitu ni vichache, na kila kitu kinategemea ukuta, mbingu na watu.

Nasi tunayo ngome mlangoni. Nenda Fort Jesus jioni jua linapolala, ukae na daftari. Tazama mtu anavyoonekana mdogo chini ya ukuta mrefu, kivuli cha ukingo kinavyokata uso wake, na maji ya karne nyingi yalivyoacha madoa mahali yanapotiririka. Hayo yachukue. Lakini usiihamishe Fort Jesus kwenda Rome. Ngome yetu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe. Castel Sant'Angelo ni jengo la mviringo lililoanza kama kaburi la mfalme Hadrian wa Roma, la mawe na matofali. Mwelekezi akiamua kuileta hadithi pwani, hapo matumbawe yana kazi. Asipoamua, ukuta wa matumbawe ni kosa, na ataliona.

## Hatua ya 6: Modeli nyeupe

Sasa jenga mandhari yako kwa manila nyeupe tupu. Hakuna rangi. Weupe unakulazimisha kutazama umbo, kimo na nafasi, na kitu kilichokosewa hakina pa kujificha. Shika vipande kwa pini, usigandishe, kwa maana utavihamisha mara nyingi.

Twende kwa karibu kwenye sehemu inayowashinda wengi. Mwishoni mwa opera, Tosca, mwanamke ambaye opera imepewa jina lake, anapanda ukingo wa ngome na kujirusha. Kwenye modeli nyingi ninazoletewa ukingo upo, lakini nyuma yake hakuna pa kuangukia.

Tuseme paa la ngome umeliinua mita 1.2 kutoka sakafu ya jukwaa, na ukingo una mita 1 juu ya paa. Ncha ya ukingo iko mita 2.2, yaani sentimita 8.8 kwenye modeli. Mwimbaji amevaa gauni refu na amemaliza kuimba kwa nguvu zake zote. Hawezi kuruka mita 1 kwa mguu mmoja. Mpe mawe mawili ya kukanyagia, moja la sentimita 35 na la pili la sentimita 70, yaonekane kama sehemu ya ngome iliyobomoka. Nyuma ya ukingo jenga jukwaa dogo lenye godoro nene la mazoezi ya viungo, uso wake ukiwa mita 1 kutoka sakafu. Anaanguka mita 1.2 tu, na hadhira inaamini ameanguka hadi mtoni.

Sasa jaribu macho. Chukua mtu aliyekaa ghorofani, jicho lake mita 5 juu ya sakafu ya jukwaa na mita 15 kutoka kwenye ukingo wa ngome. Mstari wa jicho lake ukipita juu ya ncha ya ukingo unashuka karibu sentimita 19 kwa kila mita. Mita 2 nyuma ya ukingo, mstari uko mita 1.8 hivi. Godoro limefichika vizuri. Lakini mwimbaji wa mita 1.65 akisimama juu ya godoro, kichwa chake kinafika mita 2.65, na ukumbi wote unamwona. Kwa hiyo andika kwenye mchoro wako: abaki amelala, atoke kwa kutambaa, ashukie ngazi ya upande wa kulia, na msaidizi awe anamngoja hapo na tochi. Mwelekezi akisoma mstari huo mmoja anajua anazungumza na mtu wa kazi.

Angalia pia nafasi ya kikosi cha kumpiga risasi mpenzi wake. Askari wanane bega kwa bega wanahitaji karibu mita 5. Panga watu wako wa manila na uhakikishe mpenzi huyo, Cavaradossi, hafichwi na mgongo wa askari kwa aliyekaa safu ya mbele.

Mambo mawili zaidi yanahusu opera yoyote. Kwanza, waimbaji wa opera kwa kawaida hawatumii vipaza sauti, na sauti yao inahitaji kitu kigumu nyuma yao cha kuirudisha ukumbini. Wapambaji wa harusi wamezoea kufunika kila kona kwa vitambaa vya mikunjo. Jukwaani mikunjo hiyo inameza sauti. Weka plaiwudi pale anaposimama mwimbaji mkuu, na kitambaa kiwe mbali. Pili, kila mwimbaji lazima aweze kumwona kiongozi wa okestra bila kugeuza shingo. Ukimweka mtu nyuma ya nguzo kwa dakika nne za kuimba, umemnyima muziki.

Acha pia mita 1.5 hadi 2 kati ya ukuta wa ngome na pazia la mbingu. Mwanga wa alfajiri unahitaji umbali huo. Taa ikiwa karibu sana, badala ya mbingu utapata doa la duara.

Umefaulu ikiwa unaweza kusimulia kitendo chote, dakika kwa dakika, ukiwasogeza watu wa manila bila hata mmoja kupita ndani ya ukuta.

## Ukibuni baleti, sakafu si yako

Kwenye opera unaweza kujenga katikati. Kwenye baleti katikati ni ya mtunga densi. Kitendo cha ziwani cha baleti ya Swan Lake, kama makundi makubwa yanavyokicheza, huweka wasichana 24 au zaidi kwenye mistari iliyonyooka, na mistari hiyo ndiyo mandhari. Kazi yako ni pazia la nyuma, vificho vya kando, mbingu, na rangi ya sakafu. Ukiona modeli yako ya baleti inapendeza bila wachezaji, punguza vitu.

Kati ya pazia moja la kando na jingine acha mita 2 hivi. Mchezaji hutoka akikimbia, wakati mwingine akiwa amebebwa, na hasimami mara tu anapopotea machoni. Anahitaji mita kadhaa kandoni za kupunguzia mwendo. Kama ukumbi uliopima una kando ya mita 1, sema hivyo waziwazi na upunguze upana wa jukwaa kwa mapazia.

Sakafu isiwe na msumari, kiungo kilichoinuka wala rangi inayoteleza. Kumbi zetu nyingi zina jukwaa la saruji, na saruji huumiza magoti na vifundo vya mchezaji anayeruka. Hapo mandhari yako lazima yaanze na sakafu ya mbao inayonesa, juu yake zulia la plastiki la densi. Sakafu hiyo inakula kimo, kwa hiyo rudi kwenye mchoro wa ubavu uinue kila kitu.

## Hatua ya 7: Rangi na uso wa ukuta

Modeli nyeupe ikishakubalika, ijenge upya kwa kadibodi ya kijivu. Changanya mchanga laini na gundi nyeupe, paka kwa brashi ngumu, ikikauka pitisha chokaa iliyoyeyushwa, kisha rangi ya udongo iliyo nyepesi mno. Punje ya mchanga ikionekana kwa jicho, ni kubwa mno: punje ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 2.5 ukutani.

Tazama rangi chini ya tochi, usitazame dirishani. Jua la Mombasa litakudanganya uchague rangi nzito kuliko inavyohitajika.

## Hatua ya 8: Kubadilisha mandhari

Kumbi zetu nyingi hazina mnara juu ya jukwaa wa kupandishia mapazia na kuta. Kila kinachobadilika kitasukumwa kwa magurudumu au kubebwa. Andika ni watu wangapi, kwa sekunde ngapi, kinaelekea wapi, na uonyeshe kwenye ramani mahali kinapolala kikiwa kando. Kama hapana pa kulala, hakipo.

## Hatua ya 9: Piga picha kutoka kwenye kiti

Usipige kutoka juu. Weka simu mahali pa jicho la mtazamaji, kwa umbali na kimo ulichopima, na ukuze picha badala ya kusogea. Zima taa za chumba, funika nyuma ya kasha kwa kitambaa cheusi, washa tochi moja kutoka pembeni na nyingine kutoka nyuma ya ukuta.

Piga picha sita hivi zinazofuata hadithi: kabla ya alfajiri, kuingia kwa mfungwa, Tosca anapofika, kikosi, kuruka, na mbingu iliyobaki. Mtu wa manila awe ndani ya kila picha. Picha isiyo na mtu haina kipimo, na hapo umerudi kwenye lile tatizo tulilolianzia.

## Hatua ya 10: Ipeleke kwa watu

Tengeneza faili moja: picha sita, ramani ya sakafu, mchoro wa ubavu, na ukurasa mmoja wa maelezo. Ukurasa huo utaje ukumbi, kipimo, orodha ya vitu vya kujengwa, na maamuzi mawili au matatu yenye sababu zake. Usiandike kuhusu ndoto zako za utotoni.

Anza karibu. Walimu wanaoandaa tamthilia za mashindano ya drama ya shule wanahitaji mbunifu kila mwaka, nawe unahitaji kitu kilichojengwa kweli, hata kiwe kidogo. Nairobi, Dance Centre Kenya imekuwa ikionyesha baleti ya The Nutcracker pale Kenya National Theatre. Omba kazi ya kusaidia nyuma ya jukwaa kabla hujaomba kubuni. Kasha lako lilijenge likunjike na kuingia ndani ya sanduku lenye mpini, kwa maana utasafiri nalo kwenye treni ya Madaraka Express, nalo linafaa kukaa mapajani pako kuliko chini ya mizigo ya watu. Kusini kuna Cape Town Opera, yenye maskani yake ukumbi wa Artscape.

Anayetaka kusoma zaidi ajue kwamba David Geffen School of Drama ya Yale, Marekani, haitozi karo tangu 2021, na ina kozi ya ubunifu wa jukwaa. Ushindani ni mkali mno. Ukituma kazi Marekani, kumbuka wao hutumia kipimo cha 1:24 kwa sababu wanapima kwa futi na inchi. Prague nako, kila baada ya miaka minne tangu 1967, hufanyika maonyesho makubwa ya wabunifu wa jukwaa ya Prague Quadrennial, na wanafunzi wana sehemu yao.

## Kuhusu malipo

Omba ada igawanywe mara tatu: sehemu ya kwanza mkiweka saini, ya pili modeli ikikubaliwa, ya tatu siku ya onyesho la kwanza. Anayekwambia utalipwa tiketi zikishauzwa anakuomba umkopeshe. Michoro na modeli ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki, na unaweza kuisajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Kipengele kimoja usikiache nje ya mkataba: mabadiliko yakiombwa baada ya modeli kukubaliwa, nani analipia vifaa na siku za kazi. Siku modeli inapokubaliwa, mwombe mwelekezi aweke saini na tarehe chini ya sakafu ya kasha, piga picha saini hiyo, na umtumie nakala jioni ileile.